Bariadi: Kiti cha dukani kinavyokula mtaji

WAFANYABIASHARA wa Bariadi ni hodari wa kupiga hesabu. Nauli ya mzigo kutoka Mwanza, ushuru, pango la duka na mshahara wa kijana wa kuuza, vyote vinaandikwa. Gharama moja haimo katika daftari la yeyote: ya kukaa kitini tangu asubuhi hadi usiku, siku sita au saba kwa wiki.

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa pamba. Mkulima wa Itilima, Maswa au Meatu hahitaji kuhimizwa kufanya mazoezi. Anapalilia na kuchuma kwa mikono yake, na gulioni mara nyingi huenda kwa miguu au kwa baiskeli. Fedha ya pamba ikishafika mjini hukutana na watu wa aina nyingine: mwenye duka la jumla, mwenye stoo ya nafaka, wakala wa fedha za simu, karani. Wengi wao huja kazini kwa bodaboda, hukaa kutwa na kurudi nyumbani kwa bodaboda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kazi au mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho.

Hasara yake imekwisha kupimwa kwa fedha. Utafiti uliochapishwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2016 ulikadiria kuwa uhaba wa mazoezi uligharimu matibabu ya dola bilioni 53.8 duniani katika mwaka 2013. Kati ya hizo, bilioni 9.7 zilitoka mifukoni mwa familia. Vifo vya mapema viliongeza hasara ya uzalishaji ya dola bilioni 13.7.

Utafiti huo ulibaini jambo linalomhusu zaidi mfanyabiashara wa huku kwetu. Nchi tajiri ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya gharama za fedha, lakini nchi za kipato cha chini na cha kati zilibeba sehemu kubwa ya maradhi na vifo. Kwa maneno mengine, asiyelipa hospitali hulipa kwa mwili wake.

Hapa nchini, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta watu wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari kwa asilimia 9.1, na shinikizo la damu kwa takriban asilimia 26. Si wote waliougua kwa sababu ya kukaa. Chakula, pombe, tumbaku na urithi navyo vimo. Lakini kukaa ni miongoni mwa visababishi ambavyo mtu anaweza kuviondoa bila kutoa senti.

Chukua mfano wa nauli peke yake. Mwenye duka anayelipa bodaboda shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku 26 kwa mwezi, hutumia shilingi 624,000 kwa mwaka. Kwa bei dira ya pamba ya mwaka 2019, shilingi 1,200 kwa kilo, hizo ni kilo 520. Ekari moja ya mkulima mdogo hutoa kilo 200 hadi 300. Yaani mavuno ya ekari mbili huishia kwenye safari ambayo pengine miguu ingeimaliza kwa nusu saa.

Ugonjwa ukiingia, hesabu hubadilika. Dawa za kisukari na za shinikizo la damu kwa kawaida ni za maisha. Akipewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, mgonjwa huongeza nauli, chakula cha anayemwuguza na siku za duka kufungwa. Biashara nyingi za Bariadi zinamtegemea mtu mmoja: ndiye meneja, ndiye mdhamini wa mkopo, ndiye anayeaminiwa na wenye mali. Akilala kitandani, riba ya benki hailali naye.

Haina maana kwamba aache duka akashike jembe. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Meatu, wamechunguzwa na wanasayansi katika eneo la Ziwa Eyasi. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku mbali na usingizi, sawa na watu wa nchi tajiri. Tofauti ni kwamba wao huchutama au hupiga magoti, misuli ikifanya kazi, na uchunguzi wa awali uliwakuta wakihangaika kwa zaidi ya saa mbili kila siku.

Kwa mwenye duka, hiyo ni kusimama anapohudumia mteja, kupanga mizigo mwenyewe, kwenda benki kwa miguu na kuiacha bodaboda walau asubuhi. Desemba 2016 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kutenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Siku moja kwa mwezi ni mwanzo tu; duka hufunguliwa kila siku.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ni sehemu ya mtaji huo, nayo inastahili ukurasa wake.