Je, Wajua? Maiki ghali si lazima kwa sauti ya kike
Kwa mwimbaji wa kike mwenye bajeti ndogo, maikrofoni ya dainamiki kama Shure SM58, iliyoko sokoni tangu 1966, mara nyingi hufaa kuliko maikrofoni ya kondensa ya bei ya chini. Kondensa nyingi za bei hiyo hukoleza sauti za juu, na huko ndiko “s” na “sh” hupiga mluzi unaochoma sikio. Utaambiwa kondensa hunasa mengi zaidi. Ni kweli, ila hunasa pia feni, bodaboda na mwangwi wa ukuta mtupu. Dainamiki nayo ni nzito ya kusikia. Hivyo mwimbaji asogee karibu, na ukaribu huo huongeza besi kwa sauti nyembamba. Umeshanunua kondensa? Igeuze kidogo pembeni mwa mdomo, tundika blanketi zito nyuma ya mwimbaji.