Mwendo wa Mombasa na hesabu tusiyoifanya

Muulize mwanafunzi umbali wa kutoka Nairobi hadi Mombasa, naye aghalabu atajibu: "Ni saa nane kwa basi." Mwalimu wa Jiografia atamkosoa kwamba ameulizwa umbali, wala si muda. Mwalimu wa Kiswahili, hata hivyo, hana budi kusita. Neno "mwendo" katika lugha yetu hubeba safari, masafa na kasi kwa pamoja. Tusemapo "mwendo wa siku mbili" tunataja masafa. Tusemapo "basi hili lina mwendo" tunasifu kasi. Upana huu ni utajiri, lakini humpotosha asiyetambua anapima nini.

Tuanze na masafa. Ukipiga mstari ulionyooka angani, miji hii imeachana kwa takriban kilomita 440. Barabara, ambayo hupitia Emali, Mtito Andei, Voi na Mariakani, ni kiasi cha kilomita 485. Tofauti yenyewe, basi, ni kilomita 45 tu.

Tofauti kubwa imo katika muda. Ndege hukaa hewani kwa muda usiozidi saa moja hivi. Hata hivyo, abiria hukabiliana kwanza na msongamano wa magari akielekea uwanjani, hungoja kukaguliwa, na akishatua bara huko Port Reitz bado ana safari ya kuingia kisiwani. Anayejigamba kwamba alifika Mombasa kwa dakika hamsini amehesabu mawingu, akasahau barabara za miji miwili.

Kwa upande wa basi, hesabu ina uzito mkubwa zaidi, kwani inahusu uhai. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la abiria kuzidi kilomita 80 kwa saa. Gawa 485 kwa 80: utapata zaidi ya saa sita, tena bila kusimama Mtito Andei kwa chakula, bila malori mbele, bila kupunguza kasi katika miji midogo. Kwa hivyo, dereva anayesifiwa kuwa hufika kwa saa tano amekwenda, kwa wastani, kilomita 97 kila saa. Hiyo si sifa, bali ni ushahidi wa kuvunja sheria, na sisi abiria ndio tunaoutoa kwa vicheko.

Hapa ndipo lugha inapotuponza. "Basi lenye mwendo" husikika kama pongezi, na kijana anayekulia katika pongezi hizo hataona haya kumhimiza dereva akanyage mafuta.

Nawasihi walimu waiandike hesabu hii ubaoni kabla ya shule kufungwa, wakati wanafunzi wanapojiandaa kusafiri. Wa Hisabati afundishe kugawanya. Wa Kiswahili atenganishe masafa, muda na kasi. Mwanafunzi atakayeyaelewa hayo atajua, akiwa kitini mwake, ni lini inampasa kumwambia dereva apunguze mwendo.