Je, Wajua? Ua la mezani lenye ndugu Uluguru

Mwisho wa mwaka, kampuni nyingi huwashukuru wateja kwa kalenda, shajara au shada la waridi. Waridi halimalizi wiki mbili. Ulaya na Marekani wapo wanaotoa chungu kidogo cha violeti ya Afrika, ua linalokaa mezani miaka, na wanaolipokea aghalabu hawajui kwamba asili yake ni milima ya huku kwetu.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimtumia baba yake aliyekuwa Ujerumani mbegu za ua hili (hapo tayari ni zawadi!). Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita *Saintpaulia ionantha*. Katika milima ya Uluguru nako kuna ndugu wa ua hilo, *Saintpaulia goetzeana*, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1900. Huyu huota kwenye miamba yenye kivuli na ukungu, juu kabisa ya joto la Morogoro mjini.

Ukiletewa ofisini, liweke karibu na dirisha lakini jua lisilipige moja kwa moja. Maji yatie kwenye kisahani, kwani ya baridi yakidondokea majani yake yenye manyoya huacha madoa. Chomeka jani moja na kikonyo chake kwenye udongo wenye unyevu, litatoa mizizi, kisha miche. Mteja mmoja ataweza kuwagawia wenzake wote. Ila usiling'oe msituni Uluguru. Nunua kwa wauza miche.