Nusu Sekunde Kati ya Mwanza na London

Msomaji wa Nyegezi ameuliza kama bado kuna haja ya kuwakatia watafiti wageni tiketi za ndege kuja Mwanza ilhali Zoom ipo. Kilichomchokoza ni chanjo ya HPV: tangu Aprili 2024 Tanzania inawapa wasichana dozi moja tu, na sehemu ya ushahidi wa dozi hiyo ilitoka Mwanza, katika jaribio la DoRIS lililohusisha wasichana 930, kazi ya taasisi za utafiti MITU na NIMR pamoja na wenzao wa London na Marekani. Hesabu ya nauli namwachia mhasibu. Utamu wa swali hili umo ndani ya nusu sekunde.

Mtu akimaliza kusema, mwenzake huanza baada ya wastani wa sehemu mbili za kumi za sekunde. Tanya Stivers na wenzake walipima lugha kumi mwaka 2009 (Kiswahili hakikuwamo, tusonge mbele) wakakuta zote zinazunguka hapo: Wajapani hujibu karibu papo hapo, watu wa Denmaki huelekea nusu sekunde. Muda huo, ambao nitauita mwanya wa zamu kwa kuwa “kimya” kingewasingizia watu ambao vichwa vyao vinachemka, hautoshi kusikia, kuwaza na kujibu. Msikilizaji basi hasubiri. Hushika mapigo ya silabi za mwenzake, akakisia sentensi itatua wapi, na jibu likaanza kupikwa kabla haijatua. Ndivyo ilivyo katika bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma: majembe hutua pamoja kwa sababu kila mkono huanza kushuka kabla pigo halijasikika. Sasa mpandishe mpiga ngoma juu ya jiwe lililo mita 170 kutoka uwanjani. Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kila pigo litafika nusu sekunde baadaye, na hakuna hata moja litakalopotea. Lakini mpigaji, akiona majembe yanachelewa, atapunguza mwendo awangoje. Wachezaji, wakisikia mwendo umepungua, nao watapunguza. Mwishowe kila upande utaapa kwamba ule mwingine haujui ngoma.

Julie Boland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipima jambo hilo kwenye Zoom. Ana kwa ana, mwanya ulikuwa milisekunde 135. Kwa Zoom, 487. Mtandao wenyewe ulichelewesha milisekunde 30 hadi 70 tu. Zilizobaki, kwa maelezo yao, ni akili zilizopoteza mapigo. Atakayesema intaneti ya kasi itamaliza tatizo akumbuke kwamba nuru ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na njia ya nyaya kutoka Mwanza hadi London ni kama kilomita 10,000. Hizo ni milisekunde 50 za kwenda tu, na hakuna bando litakalozipunguza.

Linganisha tarakimu hizo na zile za lugha kumi. Mwanya unaoongezwa na Zoom unakaribia tofauti kati ya lugha na lugha, kwa hiyo sikio haliwezi kujua kama kilichochelewa ni waya au mtu. Majaribio ya Katrin Schoenenberg na wenzake nchini Ujerumani, mwaka 2014, yalionyesha lawama inakokwenda: simu ikichelewa, anayelaumiwa ni mwenzako, kwamba hakusikilizi. Katika timu ya watu wa utamaduni mmoja, lawama humwangukia mtu. Katika timu mchanganyiko hupata maelezo yaliyokwisha kuandaliwa: Wazungu ndivyo walivyo, Waafrika hawachangii mkutanoni.

Kuna pingamizi lenye uzito: ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu huandika vizuri kuliko anavyosema, na mtandao unampa nafasi hiyo. Ni kweli, lakini hoja hiyo inatetea barua pepe, ambako hakuna anayehesabu milisekunde, haiitetei video. Melanie Brucks na Jonathan Levav, mwaka 2022, waliwapima wahandisi katika nchi tano: wawili wawili kwa video walizalisha mawazo machache kuliko waliokaa chumba kimoja, ila katika kuchagua wazo bora hawakuzidiwa.

Basi tiketi inunuliwe ya wiki za mwanzo, wakati itifaki ya utafiti bado inabishaniwa. Mkutano wa kupitia matokeo, ambapo kila mtu ana jedwali lile lile mbele yake, uachiwe Zoom.