Jinsi jina la kuvu lilivyoichelewesha serikali ya Uingereza

Msikilizaji, anayesafiri kutoka London kuelekea Kent au Norfolk wakati wa kiangazi hawezi kukosa kuiona miti mirefu kandokando ya barabara ambayo matawi yake ya juu yamekauka na kuchomoza kama mifupa, ilhali miti jirani imefunikwa na majani. Baadhi yake imepigwa alama ya rangi kwenye shina. Hiyo imekwisha kuhukumiwa, kwa kuwa tawi lake likianguka laweza kumwua mpita njia.

Huo ndio mti ambao Waingereza huuita ash. Ni miongoni mwa miti iliyoenea zaidi nchini humo, na tangu enzi za kale mbao zake, ambazo hupinda bila ya kuvunjika upesi, zimetengenezewa mipini ya mashoka, makasia na magurudumu ya mikokoteni. Ugonjwa unaouangamiza husababishwa na kuvu iliyotoka Asia ya Mashariki, ambako huishi juu ya majani ya miti ya jamii hiyo hiyo bila ya kuidhuru sana. Barani Ulaya kuvu hiyo ilikuta miti isiyoizoea. Miti iliyokuwa ikifa ilionekana kwanza nchini Poland mnamo mwaka 1992, kisha maradhi yakasambaa nchi baada ya nchi kuelekea magharibi.

Uingereza ilithibitisha kuwa nayo mwaka 2012, yaani miaka 20 baadaye. Swali ambalo wananchi wengi waliuliza wakati huo, na ambalo hata leo halijaacha kuulizwa, ni hili: je, serikali haikujua?

Ilijua. Tena iliandikiwa. Ili kufahamu kwa nini haikuchukua hatua, yafaa kwanza kuitazama kazi ya watumishi wa serikali wanaotunga sera ya kulinda miti, kazi ambayo wengi wetu hatuna habari nayo.

Mtu akisikia "afisa wa afya ya miti" humdhania ni bwana msitu aliyevaa viatu vya mpira na kushika darubini mkononi. Wapo wa aina hiyo, nao ni wakaguzi na wanasayansi. Lakini afisa wa sera hushinda ofisini. Kila wiki hupokea taarifa za wadudu na magonjwa yaliyojitokeza ughaibuni, nyingi zikipitia Shirika la Ulinzi wa Mimea la Ulaya na Mediterania, lililoundwa mwaka 1951 na lenye makao yake mjini Paris. Kwa kila taarifa hujiuliza: mdudu huyu aweza kufika kwetu? Akifika, ataishi katika baridi yetu? Ataharibu nini, na kumzuia kutagharimu kiasi gani? Hatimaye humwandikia waziri waraka mfupi wenye njia kadhaa za kuchagua, na mojawapo ya njia hizo, kwa mujibu wa taratibu, huwa ni kutofanya lolote.

Njia hiyo ya mwisho isichekwe. Kuzuia bidhaa isiingie nchini si jambo la kupiga muhuri tu. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya mimea na mifugo, ulioanza kutumika mwaka 1995, unaitaka kila serikali iwe na sababu za kisayansi kabla ya kuifungia njia bidhaa ya mwenzake. Mkataba huo unaruhusu hatua za muda pale ushahidi unapokuwa haujakamilika, lakini serikali inayozichukua haina budi kuendelea kuutafuta ushahidi huo. Isitoshe, wakati ule Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, ambamo miche ilivuka mipaka ikiwa na hati yake, kama raia wa nchi wanachama walivyovuka na zao. Serikali iliyotaka kuweka kizuizi ilipaswa kuonyesha kuwa maradhi hayo kwake hayapo.

Na hapo ndipo kisa cha jina kinapoingia.

Kuvu nyingi hupitia hatua mbili za maisha, na kila hatua ina umbo lake, kiasi kwamba wanasayansi waweza kukipa kiumbe kimoja majina mawili pasipo kutambua. Mwaka 2006 mtaalamu wa Poland, Tadeusz Kowalski, aliipa kuvu inayoua miti ya ash jina la Chalara fraxinea. Mwaka 2009 yeye na mwenzake wakaandika kwamba hatua yake ya pili ni kuvu iitwayo Hymenoscyphus albidus, ambayo wataalamu waliifahamu tangu karne ya 19: kuvu mpole, imeenea Ulaya nzima, Uingereza ikiwemo, na kazi yake ni kuozesha majani yaliyokwisha kuanguka.

Mwaka huo huo wa 2009 chama cha wafanyabiashara wa mimea na bustani cha Uingereza kiliiandikia serikali kikitaka miche ya ash kutoka bara la Ulaya ipigwe marufuku. Yastahili kuzingatiwa kwamba walioomba kufungiwa mlango ni wafanyabiashara wenyewe. Jibu walilopewa lilikuwa sahihi kisheria na, kwa elimu ya wakati ule, sahihi kisayansi pia: kuvu inayotajwa tayari imo nchini, na mtu hawezi kumfungia mlango mgeni ambaye amekwisha kulala ndani.

Haukupita muda mrefu kabla ya wataalamu wa Uswisi kuchunguza vinasaba na kubaini kuwa kuvu hizo ni mbili zinazofanana kwa sura kama mapacha. Ile ya kale ni mwenyeji asiye na madhara. Ile inayoua ni mgeni, nayo ikapewa jina jipya mwaka 2011, jina ambalo mwaka 2014 lilibadilishwa tena na kuwa Hymenoscyphus fraxineus. Kwa maneno mengine, marufuku ilikataliwa kwa sababu ya kosa la utambulisho.

Wakati huo miche ilikuwa ikiendelea kuingia. Kulikuwa na desturi ya kushangaza katika biashara hiyo: mbegu za ash ziliokotwa Uingereza, zikapelekwa ng'ambo kukuzwa katika vitalu kwa gharama nafuu, kisha zikarejeshwa zikiwa miche ili zipandwe katika misitu mipya. Mapema mwaka 2012 mkaguzi aliikuta kuvu kwenye kitalu kimoja cha Buckinghamshire, katika miche iliyotoka Uholanzi. Mnamo mwezi Oktoba ikaonekana Norfolk, safari hii ndani ya msitu wa asili, mbali na kitalu chochote. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Owen Paterson, alipiga marufuku uingizaji wa miche hiyo kuanzia tarehe 29 Oktoba, na siku chache baadaye kamati ya dharura ya serikali ijulikanayo kama Cobra, ambayo kwa kawaida huitishwa kwa ajili ya ugaidi na mafuriko, ikaketi kujadili mti. Miche na miti ipatayo 100,000 ilikuwa imekwisha kuteketezwa.

Lakini upelelezi ulipofanyika ilionekana kwamba maradhi yalikuwa yameenea zaidi katika maeneo ya mashariki na kusini-mashariki, yale yanayotazamana na bara la Ulaya. Vijimbegu vya kuvu hiyo huota juu ya vikonyo vya majani yaliyoanguka, kisha hupeperushwa na upepo, na upepo hauna hati ya kusafiria. Uchunguzi uliofanywa miaka ya baadaye ulionyesha kuwa baadhi ya miti ilikuwa imeambukizwa tangu mwaka 2004 au 2005, kabla hata ya kuvu kupewa jina lake la kwanza. Kwa hiyo, je, marufuku ya mwaka 2009 ingeiokoa miti? Kwa maoni yangu, isingeiokoa. Ingepunguza kasi, na kuiacha misitu ya magharibi miaka kadhaa ya nyongeza. Katika kazi hii miaka kadhaa si kitu kidogo, ingawa ni vigumu kwa mwanasiasa kujisifia nayo.

Yupo mpinzani atakayesema kwamba serikali hushindwa daima. Kuna kisa cha mwaka huo huo kinachompinga. Mnamo Machi 2012, katika mji wa Paddock Wood huko Kent, walikutwa mabuu wa mbawakawa wa Asia mwenye papasi ndefu, ambaye hutoboa miti iliyo hai na kuiua. Aliingia ndani ya mbao zilizofungia shehena ya mawe kutoka China. Maafisa waliamua kukata kila mti wa jamii anazozipenda uliokuwa karibu na ile iliyoathirika, mizima pamoja na migonjwa, na zaidi ya miti 2,000 ikaanguka, mingine ikiwa ndani ya bustani za watu. Yafikirie mazungumzo mlangoni pa nyumba, kumweleza mwananchi kuwa mti wake hauna ugonjwa wowote na hata hivyo utakatwa. Ukaguzi uliendelea kwa miaka, na mwaka 2019 serikali ilitangaza kuwa mdudu huyo ametokomezwa. Alitokomezwa kwa kuwa haruki mbali na huchukua zaidi ya mwaka mmoja kukua katika baridi ya Uingereza. Msumeno uliweza kumpita mbio. Kuvu inayosafiri kwa upepo haipitwi na msumeno.

Baada ya mkasa wa ash serikali iliunda jopo la wataalamu, na mapendekezo yake mawili makubwa yalitekelezwa. Aliteuliwa Afisa Mkuu wa Afya ya Mimea, Nicola Spence, mwaka 2014, ili ijulikane ni nani hasa anayewajibika. Na mwezi Januari mwaka huo huo lilifunguliwa daftari la hatari za afya ya mimea ambalo mtu yeyote aweza kulisoma. Kila mdudu au ugonjwa hupewa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa uwezekano wa kuingia, kwa ukubwa wa madhara na kwa thamani ya kitakachoharibiwa; alama hizo huzidishwa, na ya juu kabisa ni 125. Waandikwao humo ni zaidi ya 1,000. Mwaka 2012 waliohojiwa walilazimika kueleza kwa nini jambo fulani halikufikiriwa, na sasa kilichofikiriwa kimeandikwa hadharani pamoja na uamuzi wake, hata kama uamuzi huo ni kungoja.

Kuhusu fedha, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Oxford walikadiria mwaka 2019 kuwa ugonjwa wa ash utaigharimu Uingereza pauni bilioni 15, nusu yake katika muda wa miaka 10 tu, sehemu kubwa ikiwa ni gharama ya kukata miti na hasara ya manufaa yatokanayo nayo. Biashara nzima ya mimea hai kuingia na kutoka nchini ilikuwa na thamani ya takriban pauni milioni 300 kwa mwaka.

Kwa wasikilizaji wetu wa Afrika ya Mashariki habari hizi si ngeni sana. Vidukari wa msaipresi walionekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, wakakausha miti ambayo ilikuwa sehemu kubwa ya mashamba ya misitu ya serikali. Hawakuzuiliwa mpakani, kwani hao nao hupeperushwa, wala hapakuwa na msumeno wa kuwawahi. Njia iliyochaguliwa ilikuwa ya tatu: kumleta kutoka Ulaya nyigu mdogo ambaye hutaga yai ndani ya kidukari, na kumwachilia huru.

Na kwa walio Muscat, Dubai au Birmingham, sera hizi zinawagusa kwa njia mbili. Tazama paleti yoyote bandarini au nyuma ya duka: yenye kutoka nchi nyingine hubeba muhuri wenye suke la ngano na herufi mbili za nchi ilikotengenezwa, KE kwa Kenya, TZ kwa Tanzania, OM kwa Oman. Herufi HT karibu yake huonyesha kuwa mbao zilipashwa joto hadi kiini chake kikafikia nyuzi 56 kwa dakika 30, kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002 kwa sababu ya wadudu kama yule wa Paddock Wood. Njia ya pili ni sanduku la safari. Shangazi yangu aliwahi kunijia na shina la asumini lenye mizizi na udongo wake, limeviringwa kitambaa chenye maji ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mkaguzi alilichukua kwa adabu. "Ni ua tu, mwanangu," aliniambia shangazi kwa uchungu, nami sikuwa na jibu. Mmea wa kupandwa unaotoka Afrika ya Mashariki kuja Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya sharti uwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi utokako, na kinachotafutwa zaidi ni kile kilichojificha kwenye mizizi na udongo.

Miongoni mwa wanaoangaliwa kwa hofu katika lile daftari ni mbawakawa wa rangi ya zumaridi, aliyegunduliwa karibu na Detroit nchini Marekani mwaka 2002 na ambaye ameua mamilioni kwa mamilioni ya miti ya ash huko Amerika ya Kaskazini. Yumo Urusi, na mwaka 2019 alithibitishwa Ukraine. Uingereza imeweka masharti juu ya mbao za ash kutoka maeneo aliyomo na kuandaa mpango wa dharura. Huko Hampshire, ilipofika mwaka 2020, zaidi ya miti 3,000 ilikuwa imepandwa, iliyotokana na ile michache iliyoonekana kuistahimili kuvu, kwa matumaini ya kupata mbegu za misitu ijayo. Miti hiyo iliteuliwa kwa kuishinda kuvu. Haikuteuliwa kwa kumshinda mbawakawa.