Fahamu: Kibali cha ujenzi ambacho hakijafungwa kinavyokwamisha uuzaji wa nyumba Marekani

Mwenye nyumba wa Florida huweka mkandarasi, kibali cha kuezeka paa upya hukatwa, kazi huisha, fundi hulipwa na kwenda zake. Mkaguzi wa mwisho haitwi. Kwa macho paa limekamilika, lakini kwenye kumbukumbu za ofisi ya majengo ujenzi bado unaendelea.

Haya huibuka wakati wa kuuza, mnunuzi anapopekua kumbukumbu hizo na kuanza kudai bei ishuke.

Njia fupi ni kumtafuta mkandarasi yuleyule, aombe ukaguzi. Kibali kilichokwisha muda huhuishwa kwa ada, au hukatwa kingine. Kinachosumbua hasa ni kazi iliyofunikwa, yaani nyaya na mabomba ndani ya ukuta. Mkaguzi anaweza kutaka ukuta utobolewe. Pengine ataridhika na barua ya mhandisi.

Florida ililegeza kamba mwaka 2019. Ofisi inaweza kufunga kibali miaka 6 baada ya kukitoa, hata bila ukaguzi wa mwisho, ikiona hakuna hatari ya wazi. Tena haiwezi kumtoza faini mnunuzi asiye na uhusiano na muuzaji eti kwa sababu tu mwenye nyumba wa awali hakufunga kibali chake. Busara, kwa maoni yangu.

Muda ukibana, pande mbili hukubaliana sehemu ya fedha ishikiliwe na msimamizi wa mauzo hadi kibali kifungwe.