Japani: shule zinafunguliwa Aprili, lakini maua hayangoji tena

Sisi tunarudi shuleni Septemba. Inchini Japani, mwaka wa masomo unaanza Aprili, mwezi ambao wazazi wanautazamia kwa sababu ya sakura, maua meupe na ya waridi ya miti ya mcheri.

Siku ya kwanza, mtoto wa miaka sita anafika na wazazi waliovaa nguo za sherehe, wengine kimono. Mlangoni anavua viatu na kuvaa vya ndani. Mkurugenzi anahutubia, wanafunzi wakubwa wanakaribisha wadogo, kisha familia inapigwa picha getini, chini ya mti.

Mgongoni kuna randoseru, begi gumu lenye jina la asili ya Kiholanzi. Mara nyingi bei inapita yen 50,000, na babu na bibi ndio wanaolipa. Ni pesa nyingi, ila begi hilo litabebwa miaka yote sita ya shule ya msingi.

Tatizo ni mti wenyewe. Joto linaongezeka, na maua yanadumu karibu wiki moja tu. Kule Kyoto, wanakohifadhi kumbukumbu za zaidi ya miaka 1,200, mwaka 2021 yalichanua kabisa tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia unaojulikana. Watoto walipofika shuleni, yalikuwa yameanguka.

Kaskazini, kisiwani Hokkaido, ni kinyume: maua yanakuja mwisho wa Aprili au Mei. Watoto wa huko wamezoea kupigwa picha bila maua, pengine kando ya theluji.